Kumpeleka Nonna Ida Kilimani

Tangu nirudi, kila anayenikuta mlangoni mwa kanisa ananiuliza, "Wakesho, Italia ilikuwaje?" Nami najibu "nzuri," kwa sababu watoto wanavuta sketi, mtu anataka kufunga ukumbi, na habari yenyewe haisimuliki nikiwa nimesimama. Mama Zawadi alinitazama juu mpaka chini akasema nimenenepa, maana yake nilikwenda kula maisha. Basi leo ni siku yangu ya mapumziko, nimekaa niwaandikie wote pamoja. Sikumwona Papa, sikununua viatu, na mgongo bado unaniuma upande wa kushoto.

Kwa wasiomjua: Nonna Ida ni bibi wa miaka themanini na minne ninayemhudumia nyumbani kwake hapa Seven Hills, Sydney, mwaka wa tano sasa. "Nonna" ni bibi kwa Kitaliano. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata tarishi. Alizaliwa kwenye shamba kubwa la matajiri, juu ya kilima katikati ya Italia. Baba yake alilima ardhi isiyo yake na kugawana mavuno nusu kwa nusu na mwenyewe. Mwenye ardhi alikaa kwenye jumba la mawe pale kileleni. Akina Ida walikaa chini kidogo, kwenye chumba kilichojengwa juu ya zizi la ng'ombe. Siku hizi jumba ni nyumba ya wageni, na Nonna alikuwa amemwambia binti yake, Carla, kwamba kabla hajafa anataka kulala ndani yake, japo mara moja. Carla anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, hawezi kwenda popote. Nikaombwa mimi. Likizo niliyoiweka kwa ajili ya kwenda kwetu Wundanyi, Kenya, ikaishia huko.

Nonna mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya. Alisema, "Waandikie. Hao hawanijui, hawatanihurumia."

Seven Hills hadi uwanja wa ndege

Tulichelewa kabla hatujatoka mlangoni. Nonna alikataa kiti cha magurudumu. Alisema aliondoka Italia kwa miguu yake na atarudi kwa miguu yake. Nikamwambia, "Nonna, kutoka ukaguzi hadi kwenye ndege ni mwendo wa kutoka hapa hadi stesheni." Akafikiri. "Basi nitakaa," akasema, "lakini usinifunike miguu kwa blanketi kama mgonjwa."

Kwenye ukaguzi wakatoa katika mkoba wake chupa mbili kubwa za bilinganya za mafuta alizotengeneza mwenyewe. Kijana aliyekuwa zamu akasema kwa adabu kwamba haziruhusiwi. Nonna akamuuliza kama anadhani ndege italipuliwa kwa bilinganya. Kijana akasema hapana, lakini sheria ni sheria. Basi Nonna akafungua chupa moja palepale, akatoa kipande kwa vidole, akala, akanipa mimi, kisha akamnyooshea yule kijana. Foleni ilikuwa imefika nje ya kamba. Nilitamani sakafu inimeze. Kijana hakula, lakini alizitupa zile chupa taratibu sana, kama mtu anayeweka mtoto kitandani, na Nonna akamsamehe.

Angani

Saa kumi na nne. Wanaojua kazi yangu wataelewa nikisema kwamba choo cha ndege hakikutengenezwa kwa watu wawili, na kwamba tulikwenda humo mara tisa. Chakula kilikuja wakati wa kulala, na taa zikazimwa wakati wa njaa. Nilimpima presha juu ya bahari, nikampa vidonge kwa saa ya Sydney, nikaanza kuchanganyikiwa kama nifuate saa ya Sydney au ya kule tuendako.

Hapo ndipo aliponiambia alichotuficha mimi na Carla. Hakuwa anakwenda kulala tu.

"Nilikuwa na ndugu," akasema. "Nello. Miaka minne."

Carla alikuwa amewahi kunigusia kwamba kulikuwa na mtoto aliyekufa. Sikujua zaidi. Nonna akanieleza. Ilikuwa siku ya kupura ngano, yeye akiwa na miaka tisa. Nello alishikwa na dondakoo, koo likafura, akawa anapumua kwa sauti ya msumeno. Daktari alikuwa mjini, mbali chini ya kilima. Bonde zima lilikuwa na gari moja, jeusi, la mwenye shamba. Baba yake, Settimio, aliacha kazi adhuhuri akapanda mbio kwenda jumbani kuomba gari. Akarudi akihema. "Wamekataa," akasema. Wakafunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Ida akakaa nyuma amemshikilia mdogo wake mwavuli wa jua. Hawakufika mjini. Mtoto alikata roho njiani, penye daraja dogo.

"Mama yangu hakulitazama lile jumba tena," Nonna akasema. "Alipofua nguo aliligeuzia mgongo. Baba alilitukana mpaka anakufa. Mimi nilipanda meli nikaja Australia nisilione."

"Sasa unakwenda kufanya nini, Nonna?"

"Mwenye shamba alikufa zamani. Lakini ana binti, Ortensia, yu hai, anakaa mlemle. Nataka aniambie mbele ya uso wangu: tulikataa."

Kisha akavuta lile blanketi alilonikataza, akalala mdomo wazi. Mimi sikulala. Nilibaki natazama ile ramani ndogo ya ndege isiyosogea.

Tulipotua kubadilisha ndege, ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Tulikaa pale muda wa saa tisa. Nilikula wali wa baridi kwenye sahani ya karatasi. Nonna alikula ndizi nusu, akasema nusu nyingine nimtunzie.

Roma na treni zilizolala

Tulifika Roma tukiwa hatujui ni asubuhi ya siku gani. Miguu yangu ilikuwa imefura, viatu vimeshika kama vimegundishwa. Tukafika stesheni kuu, tukakuta watu wamekaa juu ya masanduku, ubao wote umeandikwa neno moja jekundu. Nonna akalisoma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. "Mgomo," akasema. "Sasa najua nimefika nyumbani."

Tukasubiri. Mwanamke mmoja wa makamo, amevaa koti zuri lililochakaa kwenye mikono, alikuja akasimama mbele yangu akaninyooshea mkono wenye mkate. Alisema maneno mengi ya upole. Nonna alikuwa amesinzia. Mimi, kwa uchovu wangu, nikadhani anauza au anaomba, nikatoa sarafu nikamwekea kiganjani. Mama yule akazitazama zile sarafu, uso ukambadilika. Akazirudisha juu ya paja langu moja moja, akaweka na mkate, akaenda zake. Nonna alipoamka nikamweleza. Akaniambia, "Alikuwa anakupa. Amekuona umechoka." Nilimtafuta yule mama stesheni nzima nimwombe radhi, nikisukuma kiti huku na masanduku kule. Sikumpata. Mkate ulikuwa na nyama nyembamba ndani, na nilikuwa na njaa, nikaula kwa aibu mpaka ukaisha.

Treni moja ya polepole ikaondoka alasiri, imejaa hadi milangoni. Askari wawili walimbeba Nonna na kiti chake wakampandisha. Alijishika kofia akitazama mbele, kama bibi harusi.

Kupanda

Kutoka stesheni ya mji ule mdogo tulichukua teksi. Nilitazama mizabibu iliyopangwa mistari, mizeituni ya majani ya rangi ya fedha, ile miti mirefu myembamba iliyosimama kama mishumaa iliyozimwa. Kule kwetu Taita milima ni mikali zaidi, lakini harufu ya udongo ilinishika. Barabara ikazunguka, ikazunguka tena, kisha tukaliona jumba: refu, rangi ya mkate uliookwa, madirisha mengi, lango la chuma, na uwanja mpana wa kokoto mbele ya mlango.

Nonna akashika mkono wangu. Kucha ziliingia.

Aliyetupokea aliitwa Tommaso, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Ni mtoto wa ndugu wa yule Ortensia, na ndiye anayeendesha nyumba ya wageni. Alikuwa na harusi mikononi: wageni, maua, mafundi wa muziki, wapishi wakimwita kila upande. Aliongea Kiingereza.

"Karibuni, karibuni. Harusi imechukua jumba lote mpaka Jumatatu, lakini msijali. Nyinyi nimewawekea chumba bora kuliko vyote. Kinapigwa picha kwenye magazeti. Hakina ngazi, kwa ajili ya bibi."

Akatuongoza, si kuelekea mlangoni, bali kando, njia ya kuteremka. Tukafika kwenye jengo la mawe lenye mlango mpana wa mbao uliong'arishwa. Ndani taa za manjano, kitanda kikubwa cheupe, bafu la kioo. Ukutani pete za chuma zilizong'arishwa pia. Tommaso akazigusa kwa fahari. "Za zamani zenyewe. Hapa walifungwa ng'ombe. Na ile dari tuliiondoa, zamani juu kulikuwa na vyumba vya wakulima."

Nilimtazama Nonna. Alikuwa ameinua uso anatazama juu, mahali ambapo sakafu ya nyumba yao ilikuwa. Sasa hapakuwa na kitu ila hewa na taa ya kioo.

"Mwambie," akaniambia kwa Kiingereza, ingawa angeweza kumwambia mwenyewe kwa lugha yao, "mwambie sikuvuka dunia nzima kurudishwa zizini."

Tommaso hakuelewa. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba bibi alizaliwa hapa, juu ya zizi hili. Akafunika mdomo kwa kiganja. Lakini chumba kingine hakikuwepo, na nilimwamini. Nonna alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye kiti chake, mkoba mapajani, akiwatazama watu wa harusi wakipita. Mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani alisimama akaniambia kwamba taulo za chumba chake hazitoshi. Nikamwambia mimi ni mgeni kama yeye. Akasema samahani mara nne, jambo ambalo huchosha kuliko kuleta taulo.

Jua lilipozama baridi ikamshinda Nonna. Nikamwingiza, nikamwosha, nikamlaza. Chakula kilikuwa supu ya maharage na mkate usio na chumvi. Nikadhani mwokaji amesahau. Nonna akasema hapana, mkate wa huku ndivyo ulivyo. Akaumega, akaunusa, akala wote.

Padri

Asubuhi ya pili nilikuwa nje nikipigana na kikombe cha chai. Nilikuwa nimeomba chai ya maziwa, wakaniletea maji ya moto, kipande cha limau, na maziwa baridi pembeni, nichague. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu akiongea kwa simu: "Sasa weye unataka nifanye nini? Nilishakuambia, ile kitu iko kwa Mama Furaha!"

Jamani. Niligeuka karibu nimwage chai. Alikuwa padri, mweusi, mfupi, miwani, kanzu imepanda juu kidogo ya viatu vya michezo.

"Padri, shikamoo," nikasema.

Funguo zikamponyoka. "Eh! Mama! Unatoka wapi weye?"

"Mimi Mkenya, Padri. Lakini nimetoka Australia."

"Bon. Na unafanya nini ku hii mlima?"

Jina lake Padri Deo, wa kwao Bukavu, Kongo. Ana parokia nne za vijiji, na kila Ijumaa anapanda kumletea komunyo Signorina Ortensia, yaani Bi Ortensia, ambaye hashuki tena kutoka ghorofa ya juu. Nikamweleza yote, kuanzia kwa Nello. Sikujua nilikuwa nimebeba maneno mengi kiasi kile bila mtu wa kuyapokea kwa lugha yangu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ngoja kwanza niulize huyu mama mzee. Hii maneno haiingiliwi bila kubisha."

Akapanda, akakaa, akarudi. "Anasema mpande. Anasema alikuwa anangojea."

Ghorofa ya juu

Kuna lifti ndogo waliyomwekea yule mzee, inayotosha kiti kimoja. Nonna alipanda peke yake, mimi na Padri tukakimbilia ngazi. Nonna alikuwa amevaa gauni la buluu na hereni. Alikuwa ndani ya jumba hatimaye, na hakutazama kulia wala kushoto.

Signorina Ortensia alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani, mikono ya ndege, amekaa karibu na dirisha. Padri akakaa kitini kati yangu na wao, akaanza kuninong'oneza.

"Anajitambulisha. Mimi Ida wa Settimio. Yule anasema, najua, una paji la uso la Settimio." Akanisogelea. "Kitaliano yake huyu bibi yako ni ya zamani, mama. Hata mimi ninapotea kidogo."

Nonna alikuwa ameiandaa hotuba yake kwa miaka yote, na aliitoa bila kutetemeka. Padri alitafsiri polepole. "Ndugu yangu alikufa siku ya kupura ngano. Baba yangu alikuja kwenu kuomba gari. Baba yako alikataa. Nimevuka bahari nisikie mtu wa nyumba hii akisema hivyo kwa mdomo wake."

Chini mafundi wa harusi walikuwa wanajaribu vipaza sauti. Signorina alisubiri mpaka wakanyamaza.

"Anasema," Padri akanong'ona, "baba yangu alikuwa mtu mugumu. Mambo mingi alikatala. Lakini ile, hapana. Ile hakuombwa."

Neno alilolipuka nalo Nonna sikuhitaji kutafsiriwa. Alisema mwongo. Alilisema mara mbili akipiga mkono wa kiti.

Signorina hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea chini langoni. Padri akavua miwani.

"Anasema, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Nilikuwa kwa dirisha ya chini, mama ananisuka nywele. Nikaona Settimio anafika pale ku lango. Wakulima walikuwa wanavua viatu mbele ya kuingia, ilikuwa amri, wasichafue kokoto. Akavua viatu. Akavipanga. Akavua na kofia. Akasimama. Alikuwa anaangalia mlango wetu." Padri naye akatazama dirishani. "Anasema, alisimama sana. Kisha akageuka akakimbia kuteremuka, viatu akaviacha."

"Endelea, Padri."

"Anasema, nilitaka kumwita. Nikageuza kichwa. Mama akanivuta, akasema, usitikisike. Nikatulia. Kesho yake nikasikia mtoto amekufa. Sikumwambia mtu hata mmoja mpaka leo."

Nilimtazama Nonna nikitegemea apige tena ule mkono wa kiti. Alikuwa ametulia, kinywa kimelegea, macho yako mahali ambapo sisi wengine hatukuwapo. Kisha akaanza kusema, chini sana, na Padri ikabidi ainame kumsikia.

"Anasema, siku ya kuzika mtoto, baba hakukuwa na viatu ya kwenda nayo kanisani. Alimtuma yeye. Akamwambia, panda, utavikuta. Akavikuta inje ya lango. Anasema vilikuwa sawasawa, kama vya mtu amelala kitandani." Padri akanitazama. "Anasema, hakujiuliza hata siku moja, kwa nini vilikuwa inje ya lango."

Signorina alianza kusema kitu akinyoosha ule mkono wake mdogo. Nadhani alikuwa anaomba msamaha. Nonna akainua kiganja kumzuia, si kwa hasira. Akaomba maji. Akanywa. Padri akaniambia kwamba Signorina anamkaribisha alale humo ndani, kuna chumba cha dada yake marehemu, kitanda kimetandikwa.

"Si leo," Nonna akasema kwa Kiingereza, akinitazama mimi. "Niondoe."

Zizini

Siku mbili hakutoka kitandani. Presha ilipanda, ikashuka, ikapanda. Hakula supu wala mkate. Harusi ilikuwa inapigwa juu yetu, kengele, muziki, watu wakipiga kelele za furaha, nami nimekaa chini ya ile taa ya kioo nikihesabu pumzi za mtu. Niliogopa, ndugu zangu. Nilifikiria kumpigia Carla na kumwambia mama yako amenifia zizini. Niliandika ujumbe, nikaufuta.

Jumamosi alasiri akaongea akiwa ameupa ukuta uso.

"Alitudanganya. Mama alikufa akiichukia nyumba hii kwa uongo wake. Kwa nini hakuingia? Hatua ngapi zile? Kwa nini hakuingia, Wakesho?"

Mnajua mimi ni mtu wa maneno. Nilikuwa nimemwona Settimio kichwani mwangu amesimama pale peku, kofia mkononi, na nilijua kwamba nami nimewahi kusimama mbele ya milango fulani hapa Sydney, karatasi mkononi, nikageuka. Lakini hiyo haikuwa ya kumwambia. Nilichukua mkono wake nikaanza kumkata kucha, moja moja, kisha nikamkata na za miguu. Nilipomaliza alikuwa analia bila sauti. Baadaye akaomba yai la kuchemsha.

Uwanja wa kokoto

Jumapili ilikuwa siku ya kuondoka. Teksi ilikuwa imeagizwa saa nne asubuhi. Saa tatu Nonna alikuwa amevaa, amejitia poda, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nipeleke langoni," akasema. "Nje ya lango. Na ulete fremu ya kutembelea."

Nikamsukuma mpaka pale. Wageni wa harusi walikuwa bado wamelala, uwanja mtupu, viti vimepinduka, maua yameanza kunyauka. Akatazama mlango wa jumba ng'ambo ya kokoto. Kisha akajiinua. Nikadhani nimemwelewa, nikapiga magoti kumfungua kamba za viatu.

"Acha," akasema. "Naingia navyo."

Kokoto hazikuumbwa kwa fremu ile. Vijigurudumu vilizama kila hatua, ikabidi ainyanyue, aiweke, avute mguu, asimame apumue. Nilikwenda nyuma yake nimetanua mikono kama mtu anayefukuza kuku. Mara mbili nikamwambia, "Nonna, nilete kiti?" Akanyanyua fremu tena. Ule si umbali wa kutisha. Mtoto angeukimbia. Ulituchukua muda ambao sitausahau, na tulipofika ngazi ya mlango shingo yake ilikuwa inapiga kama ya njiwa.

Akagonga. Akagonga tena kwa nguvu zaidi.

Tommaso alifungua akiwa na shati la jana. Nonna akanyoosha mgongo, akasema sentensi moja ya Kitaliano. Tommaso akamtazama, akanitazama mimi, akajibu kwa Kiingereza ili niingilie kati: "Lakini teksi inakuja saa nne. Kwa nini anaomba gari?"

Kabla sijafungua mdomo dirisha la juu likafunguka. Sauti nyembamba ya Signorina Ortensia ikashuka, neno moja tu, na Nonna alinitafsiria baadaye: "Mpe."

Tommaso hakuuliza zaidi. Alikwenda akaleta funguo.

Lilikuwa gari dogo lenye mikwaruzo, viti vya nyuma vina vikapu na magunia, mimi nikabanwa katikati ya masanduku. Nonna alikaa mbele. Tulipofika kwenye daraja dogo alisema kitu, na Tommaso akaanza kupunguza mwendo. Nonna akamgusa bega. Nilikuwa nimeshajifunza kidogo kusoma uso wake, nikajua alisema asisimame, aende mpaka mjini.

Tulifika. Aliitazama saa ya stesheni kwa muda mrefu.

"Dakika kumi na saba," akasema.

Tommaso akashusha masanduku. Kisha sijui alikuwa ameambiwa nini na shangazi yake kwa siku zile, au alikuwa amejitambulia mwenyewe, lakini aliinama akambusu Nonna mkono, akarudi garini bila kuaga.

Kurudi

Kurudi sitawaandikia. Zidisheni kuja kwa mbili, toeni bilinganya. Nilipoona taa za Sydney nilikuwa nanuka kama gunia.

Carla alikuwa anatungojea pale wanapotokea wasafiri, amejifunga skafu, rangi imemtoka. Alimkumbatia mama yake, kisha akamuuliza swali alilokuwa nalo, kwa sababu Nonna alikuwa amempigia kutoka Roma tulipokuwa tunakwenda, akamwambia sababu halisi ya safari.

"Mama, walikubali? Walisema kwamba walikataa?"

"Walitupa gari," Nonna akasema.

Carla akanigeukia. Nikainama nikajifanya natengeneza mkanda wa sanduku. Nyumbani, binti yangu alinifungulia mlango akaniuliza kwa Kiingereza nimemletea nini. Nikamwambia niletee beseni la maji ya moto, niweke miguu.

Wiki nzima Nonna hakumwambia Carla zaidi ya hapo, nami nikarudi kwenye zamu zangu, asubuhi kwake, mchana kwa wengine. Jana nilipofika, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Walikuwa jikoni, yeye na Carla, kahawa imepoa mezani. Nonna alikuwa anaongea Kitaliano, mikono yake ameiweka juu ya meza sambamba, kiganja kando ya kiganja, akimwonyesha mtoto wake jinsi viatu vilivyokuwa vimepangwa. Carla alikuwa ameinamisha kichwa.

Sikubisha. Niliweka mkoba chini, nikachukua beseni la nguo, nikatoka uani kuanika, na wala sikuharakisha.